Maswali na Majibu: Kamera na Viumbe wa Ziwani

Safari hii nimepokea maswali matano kutoka kwa wasomaji wa Mwanza wanaopiga picha za ndege na wanyama kwa kujifurahisha. Nayajibu kwa mfuatano niliyoyapokea.

Shikamoo mzee. Nina simu tu, na rafiki zangu wananiambia kwamba bila lenzi ndefu na safari ya Serengeti siwezi kupata picha ya mnyama yenye maana. Je, ni kweli? (Mwanafunzi, Nyegezi)

Marahaba, mwanangu. Si kweli, ingawa hawakukosea yote. Ukivuta picha kwa vidole viwili ili kumleta karibu ndege aliye mbali, unachokuza ni chenga. Kwa hiyo chagua kiumbe anayekubali kukaribiwa. Unaishi katika mji wa mawe, na juu ya mawe hayo yuko mjusi ambaye jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limebeba jina la mji wenyewe. Dume ana kichwa na mabega ya rangi inayocheza kati ya nyekundu na waridi, na kuanzia hapo kushuka chini ni buluu. Jike ni wa kahawia na hushikana na jiwe kwa rangi. Mfuate asubuhi, jiwe likiwa halijapata moto, kwa sababu saa hizo bado ni mzito wa kukimbia. Keti mita chache kutoka alipo, usimtupie kivuli chako, na ukitaka kusogea, sogea kwa makalio badala ya kusimama. Atainua kichwa na kukishusha mara kadhaa kana kwamba anakubaliana nawe, kumbe anawatangazia madume wenzake kuwa jiwe hilo lina mwenyewe. Hapo ndipo pa kubofya.

Kwa miezi miwili nimejaribu kumpiga picha mdiria akijitosa majini, na kamera yangu ni nzuri, lakini ninachoambulia ni viduara vya maji tu. (Mwalimu, Ilemela)

Mwalimu, viduara hivyo hata mimi ninavyo vya kutosha kujaza albamu. Kosa ni kwamba unasubiri ajitose ndipo ubofye, na akishajitosa umechelewa.

Mdiria wetu huyu mweusi na mweupe hahitaji tawi la kuvizia. Husimama hewani juu ya maji, mabawa yakipiga kwa kasi na mdomo ukielekea chini, huku kichwa kimetulia pale pale kana kwamba kimepigiliwa msumari. Huo ndio wakati wa kumlenga. Weka kasi ya 1/2000 ya sekunde au zaidi, iweke kamera kwenye hali ya kupiga mfululizo, na uanze kubofya mara tu mabawa yanapojikunja, kabla hajaanza kuanguka. Mara nyingi hushuka kidogo, akasimama tena hewani, ndipo akajitosa. Ukiona amesimama mara ya pili, kidole kiwe tayari. Akipata samaki mdogo anaweza kummeza akiwa angani, lakini akipata mkubwa atatafuta gogo au ukingo wa mtumbwi na kumbamiza hapo. Kwa hiyo mtafute pia kwenye mitumbwi iliyofungwa. Tazama na kifua chake: dume ana mikanda miwili myeusi, jike ana mmoja uliokatika katikati.

Kuna jambo jingine linalonifanya nimpende ndege huyu kuliko furukombe anayesifiwa na kila mtu. Watafiti waliofanya kazi katika Ghuba ya Mwanza walieleza kwamba zamani alikula zaidi furu, na furu walipoadimika baada ya sangara kuenea, akahamia kwenye dagaa. Dagaa ni mdogo kuliko furu, hivyo ilimbidi avue wengi zaidi ili ashibe. Ukiipata picha yake na dagaa mdomoni, umepata historia ya ziwa hili kwenye fremu moja.

Kuhusu mwanga, mji wetu unaitazama ghuba upande wa magharibi. Ukisimama asubuhi mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, na kutazama ziwa, jua liko mgongoni mwako na ndege amemulikwa vizuri. Jioni utapata kivuli cheusi cha ndege mbele ya maji ya dhahabu, picha ambayo kila mtu anayo. Nenda asubuhi, na ikifika saa 3 funga begi, kwa maana huku kwetu jua hupanda wima na mwanga hukauka upesi.

Yangeyange wangu wote wanatoka kama vipande vya karatasi, hawana hata unyoya. (Fundi cherehani, Igogo)

Kamera inaona maji mengi yenye giza, inadhani pote ni giza, inaongeza mwanga na kumuunguza ndege. Tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, kisha utoe moja. Kwa mnandi mweusi mbele ya anga jeupe, jumlisha moja.

Tunataka kuwapeleka watoto Saanane na kamera moja ya familia. Tutegemee nini? (Mzazi, Nyakato)

Tegemeeni pimbi, tumbili na mawe. Kisiwa hicho kilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Eneo lake lote, maji yakiwemo, ni kilomita za mraba 2.18, hivyo hata mtoto mdogo ataweza kutembea. Tafuteni mawe yenye michirizi myeupe kama chokaa iliyomwagika, kwani huo ni mkojo wa pimbi uliokauka, na wenyewe hawako mbali. Jina lake tumeligeuza kejeli ya vijiweni, lakini ni jamaa wa karibu wa tembo, jambo ambalo watoto hukataa kabisa kuliamini. Mwambieni mtoto alale kifudifudi ili kamera ilingane na macho ya mnyama. Ninyi wazee mtapiga kutoka juu na picha yake itazishinda zenu. Chakula kikae ndani ya begi lililofungwa, maana tumbili hawabishi hodi. Na mtu asiingie majini kutafuta pembe nzuri ya picha, kwa sababu ya mamba na kwa sababu ya kichocho.

Mume wangu anasema kupiga picha ndege ni kazi ya wasio na kazi. Nimjibu nini? (Mama, Igoma)

Mama, mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Kwa miaka mingi nilikwenda Kirumba kununua dagaa, na kongoti nilimjua kama kero ya kufukuzwa kwa kiatu. Siku moja, nikimsubiri mpimaji aliyechelewa, nilimpiga picha mmoja aliyekuwa karibu. Usiku nikaikuza na kuona vinyweleo vichache kwenye upara wake, kope zake, na miguu iliyopakwa nyeupe hadi magotini. Nilidhani ni rangi yake. Baadaye nilikuja kujua kwamba miguu yake ni myeusi, na kwamba weupe ule ni kinyesi anachojimwagia mwenyewe ili apoe wakati wa joto. Tangu hapo nafika mwaloni nusu saa kabla ya biashara kuanza. Mumeo usibishane naye. Mwombe tu akusindikize Jumamosi moja, na chai iwe tayari mapema, kwa kuwa jua linatoka kabla ya saa 1.