Daktari asipokuuliza ya chumbani, anza wewe

Miezi mitano baada ya kuanguka kutoka juu ya mparachichi kule Rungwe na kuumia uti wa mgongo, nilishazoea maswali ya kliniki. Choo unapata? Mkojo una rangi gani? Kidonda cha makalio kimefunga? Waliniuliza wote, mpaka wanafunzi waliokuja mafunzo. La ndoa hakuna aliyeligusa, na nilikuwa na miaka 34.

Aliyeligusa ni nesi wa rika la mama yangu. Alingoja mke wangu atoke kufuata maji ya moto, akavuta pazia. "Mwanangu, na chumbani mnaishije na mwenzio?" Nikacheka, kisha nikalia. Mwisho nikamwonyesha vidonge vya nguvu za kiume nilivyonunua stendi, kwa jamaa ambaye hata jina la dawa halijui.

Akaniandalia kuonana na daktari. Kipimo chenyewe hakina mashine. Unalazwa ubavu, daktari anagusa kuzunguka njia ya haja kubwa kwa pamba, halafu kwa pini: "Kali au butu?" Sikusikia kitu. Akaingiza kidole chenye glovu, akasema nibane. Wapi! Kisha akaminya kidogo kichwa cha uume, na misuli ya huko nyuma ikabana kidole chake yenyewe bila mimi kujua. "Huku chini kuko hai," akasema. Aibu ipo, sikatai, ila ni ya dakika chache.

Maana yake alinichorea nyuma ya kadi. Uume husimama kwa njia mbili. Ile ya mawazo, ya kuona na kukumbuka, hupitia neva za uti kati ya T11 na L2 (ni ngazi za uti, zikihesabiwa kutoka juu: T za kifua, L za kiuno, S za nyonga). Ile ya kuguswa iko chini zaidi, S2 hadi S4, na haingoji amri ya ubongo. Mimi nimeumia T4, kwa hiyo mawazo hayashuki, lakini mkono wa mke wangu unafanya kazi. Aliyeumia chini kabisa anaweza kuwa kinyume changu, ndiyo maana siri za mwenzako wa kitimwendo huenda zisikufae. Na ukipimwa wiki za mwanzo usikate tamaa: uti huwa kwenye mshtuko, haujibu lolote. Rudia baadaye.

Kusimama na kutoa mbegu ni mambo mawili tofauti. Wengi wetu la kwanza lipo, la pili halipo. Kama mnataka mtoto, sema mapema, kwa sababu zipo njia za kuzitoa kwa kifaa cha mtetemo au umeme, chini ya uangalizi. Taja pia dawa zako zote, hata baklofeni ya misuli inayokaza, maana baadhi huingilia mambo haya.

Sasa la hatari. Ukiwa umeumia T6 au juu yake, presha inaweza kupanda ghafla katikati ya tendo. Mimi kichwa kilinigonga kama nyundo, jasho usoni, vinyweleo vikasimama. Mke wangu aliniketisha wima, akakuta mpira wa mkojo umejikunja chini ya paja. Alipounyoosha, kikatulia. Isipotulia, kimbilieni hospitali, na useme kama umemeza sildenafili, ile dawa ya nguvu za kiume: dawa mojawapo ya kushusha presha hiyo ni ya jamii ya naitreti, na hizo mbili zikikutana presha inaweza kuporomoka vibaya.

Kina dada husahaulika zaidi. Hedhi inaweza kukatika miezi kadhaa, kisha ikarudi, na uwezo wa kushika mimba upo palepale. Yai hutangulia hedhi, kwa hiyo ukisubiri kuiona kwanza unaweza kuchelewa. Na huku kwetu, Njombe, Iringa na Mbeya, ambako virusi vya UKIMWI viko juu kuliko mikoa mingi, bado kuna wahudumu wanaokuruka kwenye kupima kwa kudhani mtu wa kitimwendo halali na mtu. Dai kipimo.

Mwenzio naye apewe nafasi ya kuuliza. Wangu aliuliza ambalo mimi nisingethubutu: "Daktari, nikimkalia juu, simvunji?" Akamjibu hapana, mgongo umeshaunga, ila nikigeuka akague makalio yangu, wekundu usiotoka auripoti. Siku hizi kioo kidogo kinakaa chini ya mto wetu.