Kukaa muda mrefu kambini ufukweni na familia: jibu kwa aliyeuliza kama hema na watoto watahimili

Mkuu umeuliza mambo mawili, kama hema linaweza kukaa pwani mwezi na zaidi bila kuharibika, na kama watoto, akiwemo yule mdogo asiyejua kuogelea, hawatachoka na kuanza kusumbua. Sisi ni familia ya kuhamahama, watu wanne, na tumeshakaa sana kwenye makambi ya baharini, sio wikiendi, nazungumzia kukaa mpaka majirani wanabadilika na nyie bado mpo. Jibu langu ni ndio kwa yote mawili, ila inategemea sana mnapiga hema wapi siku ya kwanza.

Wengi wakifika wanakimbilia mstari wa mbele kabisa, wanataka wakifungua zipu waione bahari. Kwa siku mbili sawa, ila kwa kukaa muda mrefu mimi sishauri kabisa. Pale mbele mnapigwa na upepo mchana kutwa, maana nchi kavu ikishapata joto upepo unavuta kutoka baharini kuja kwenu na unabeba mchanga na chumvi, halafu usiku unageuka, kwa hiyo hema linavutwa huku na huku kila siku na kamba zinalegea. Nyie rudini nyuma ya vichaka au tuta la mchanga, bahari mtaifuata kwa miguu.

Na msiamini ule mstari wa mwani mkavu kwamba ndio maji yanapoishia. Kama mmefika wakati wa maji mafu (siku ambazo maji hayapandi sana), mstari huo ni wa maji madogo, bamvua, yaani maji makubwa, likija kwenye mwezi mpevu au mwezi mwandamo maji yanapanda juu zaidi, tena mara nyingi yanafika kilele siku moja au mbili baada ya hapo. Tafuteni mstari wa zamani zaidi, ule wenye vijiti na takataka zilizopauka, hema likae juu ya huo kwa nafasi ya kutosha. Vigingi vya kawaida kwenye mchanga vinang'oka tu, sisi tunajaza mchanga kwenye mifuko imara, tunafunga kamba katikati, tunaufukia umelala kwa kina cha kama nusu mita. Haujawahi kutuangusha hata upepo ukiwa mkali.

Sasa chumvi. Hii ndio inayoua vifaa kuliko mvua. Chumvi inavuta unyevu hewani, ndio maana nguo au taulo iliyolowa maji ya bahari haikauki kabisa hata uianike siku nzima, usiku inarudi kuwa mbichi na matandiko nayo yanashika unyevu. Kwa hiyo kwetu kuna sheria, hakuna kitu cha bahari kinaingia ndani ya hema kabla hakijasuuzwa kwa maji baridi (nikisema maji baridi namaanisha yasiyo na chumvi). Mlangoni beseni la kusuuza miguu, kila mtu, hata mgeni. Zipu tunazifuta kwa kitambaa chenye maji baridi kila baada ya siku chache halafu tunapaka mshumaa, na vyuma vya hema tunavichomoa kwenye maungio na kuvifuta kabla havijang'ang'aniana. Juu ya hema tandazeni turubai, sio kwa ajili ya mvua tu, jua linakula kitambaa taratibu, na nailoni inachoka haraka kuliko poliesta. Kila baada ya muda hamisheni hema hatua chache, ardhi chini ipumue na nyie mkague sakafu kama kuna ukungu.

Kupika ni nje. Hata mvua inyeshe, jiko la gesi au la mkaa lisiingie ndani ya hema, ile hewa ya sumu haina harufu na watoto wakilala hawaamki. Hili sina mjadala nalo kabisa.

Kuhusu watoto, kinachowachosha ni siku isiyo na mpangilio, sio bahari. Ratiba yetu tuliifunga kwenye maji kupwa na maji kujaa. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo wiki hii asubuhi ni ya kutembea miambani kuangalia kaa na viumbe vidogo, wiki ijayo muda huohuo maji yamejaa basi asubuhi inakuwa ya masomo na kuoga baadaye. Binti yetu mkubwa alianza kuandika mwenyewe saa za maji kwenye daftari na kutabiri ya kesho, hesabu alizokuwa anazikimbia akazifanya bila kusukumwa. Nilifurahi sana kwa kweli.

Kuogelea wafundisheni mapema kutambua mkondo unaovuta kwenda nje, ni ile sehemu inayoonekana imetulia katikati ya mawimbi yanayovunjika, na watoto ndio wanaipenda kwa sababu haina mawimbi. Mtu akivutwa asishindane nao, aelee, apige kelele, na kama ana nguvu aogelee sambamba na ufukwe mpaka atoke halafu ndio arudi. Wa kwenu huyo mdogo asiyejua kuogelea, mtu mzima awe naye umbali wa mkono tu, na simu ibaki hemani.