Wikendi Korea: ukisubiri kualikwa utakaa bwenini mpaka uhitimu

Kila yakitoka majibu ya ile skolashipu ya serikali ya Korea, GKS, napata meseji kibao za wadogo zangu wa nyumbani, dada baridi ikoje, dada hela inatosha, dada chakula chao unakiweza. Sijaona wa kuniuliza Jumamosi nitakuwa nafanya nini, na kiukweli hilo ndo swali la kuuliza, maana Jumatatu mpaka Ijumaa hata usiwaze, darasa lipo, maabara ipo, profesa yupo anakusubiri, utachoka mwenyewe. Kasheshe ni Ijumaa jioni. Wakorea wa bwenini wanaburuza mabegi yao kwenda kwao, korido inakuwa kimya, unabaki na simu unaangalia stetasi za watu wa Dar wako harusini wanacheza.

Mi naishi Daejeon, mji wa katikati kabisa, treni ya kasi, KTX, mpaka Seoul ni kama saa moja, Busan saa moja na nusu na ushee. Kwa hiyo wageni wengi wa hapa dawa yao ni kukimbia, wikendi hii Seoul, ijayo Busan, ijayo Gyeongju kupiga picha kwenye yale makaburi ya wafalme wa Silla yaliyofunikwa majani. Sikatai, nazipenda hizo safari na nitazisema. Ila niwaambie ukweli, safari hazikupi watu. Utarudi Jumapili usiku na picha kali na bado huna wa kumpigia simu ukiumwa Jumanne.

Mkorea hakuzoei kituoni wala kwenye foleni. Anakuzoea ndani ya kikundi, na vikundi wanavyo vya kila kitu, kupanda mlima, kukimbia, kwaya, kupiga picha, kucheza mpira, na kila kikundi kina grupu lake la KakaoTalk (ndo WhatsApp yao), kina mwenyekiti, kina mtu wa kukusanya michango. Ni kama kikoba, hawakupokei kwa sababu umewafurahisha, wanakupokea kwa sababu unahudhuria. Mwezi wa kwanza watakusalimia tu kwa adabu. Ukiendelea kuja, wiki ambayo hujaonekana mtu anakuandikia, vipi mbona haupo, unaumwa? Hapo ndo ujue umeingia. So ushauri wangu mkubwa ndo huu, chagua kitu kimoja cha kila wikendi, sehemu ileile na sura zilezile, halafu safari ziwe za ziada.

Kwangu kitu hicho ni mlima. Hapa jirani tuna Gyeryongsan, hifadhi ya taifa, unapanda basi la kawaida la mjini linakushusha karibu na hekalu la Donghaksa, ukiwa na miguu unapanda unashukia upande wa pili kwenye hekalu la Gapsa. Kuingia bure. Hifadhi za taifa Korea walifuta kiingilio tangu 2007, ikawa imebaki ile hela ya mahekalu iliyokuwa inaudhi watu ambao hata hekaluni hawaendi, nayo sehemu nyingi ikaondolewa 2023. Sasa huko mlimani utakutana na akina mama wa miaka sitini wamevaa utadhani wanaenda Everest, fimbo mbili, glavu, miwani, kofia pana, na wanakupita! Wanakupita huku wanapiga stori. Halafu juu unawakuta wametandika mkeka, unaitwa, unapewa tango, kimbap (wali uliosokotwa kwenye mwani), chungwa, kahawa ya moto ya kwenye chupa. Usikatae. Na usije mikono mitupu mara ya pili, beba chochote cha kugawa hata karanga, utaona wanavyofurahi.

Halafu jiandae na maswali. Una miaka mingapi, umeolewa, kwa nini hujaolewa, wazazi wanafanya kazi gani. Wadogo zangu wa siku hizi naona mnakasirika haraka na maswali haya ila hapo hawakuchimbi, umri ndo wanaoutumia kujua wakuongeleshe vipi, bila hiyo maongezi hayaendi. Taja umri wako, waulize na wao, basi imeisha. Ukisema Tanzania kuna mzee lazima ataimba, kuna wimbo wao wa zamani unaotaja Kilimanjaro, watu wazima wote wanaujua, na swali litakalofuata ni umeshaupanda? Mi sijaupanda. Wanaona maajabu, mlima wa mita 5,895 uko kwenu na hujaupanda, wao mrefu kuliko yote Korea Kusini ni Hallasan kule kisiwani Jeju, mita 1,947, na watu wanapanga mwaka mzima kwenda kuupanda. (Huo ukienda, njia zinazofika kileleni unaweka nafasi mtandaoni kabla, usije ukarudishwa getini.)

Walioko Seoul nyie hamna kisingizio kabisa. Bukhansan uko ndani ya mji, kilele chake Baegundae ni mita 836, unafika kwa metro na basi, na tangu 2022 pale chini kuna kituo cha jiji kinachoazimisha wageni viatu na nguo za mlimani kwa hela ndogo, unaonyesha pasipoti tu. Angalizo moja, kile kipande cha mwisho ni jiwe tupu unapanda umeshika waya, kama unaogopa urefu ishia chini yake kidogo, mandhari bado ni nzuri na hakuna atakayekucheka.

Kama mlima sio fani yako basi besiboli. Najua, najua, hata sheria zake hatuzijui. Huhitaji! Mtu anayeenda uwanja wa besiboli Korea haendi kuangalia mpira peke yake, anaenda kuimba na kula. Ligi yao ilianza 1982, timu kumi, kuanzia Machi mpaka vuli wanacheza karibu kila siku isipokuwa Jumatatu, na kila mchezaji ana wimbo wake, anaposimama kupiga uwanja mzima unaimba kwa ishara za mikono, mbele kuna kiongozi wa ushangiliaji anapuliza filimbi anawaongoza. Chakula unaingia nacho, kuku wa kukaanga, miguu ya nguruwe (mi sili ila harufu yake uwanjani huikwepi), viazi, kila kitu. Timu ya hapa Daejeon ni Hanwha Eagles. Ubingwa walichukua 1999 na baada ya hapo wakashika mkia miaka mingi sana, na bado washabiki walikuwa wanakuja kuimba kwamba wana furaha, wamepigwa kumi kwa moja wanaimba wana furaha! Inning (yaani kipindi) ya nane wanazima spika, ngoma hazipigwi, wanasimama wote wanaita timu kwa sauti za makoo tu. Nywele zinakusimama. 2025 wakahamia uwanja mpya na mwaka huohuo wakafika fainali, wakafungwa na timu ya LG, na mama mmoja tuliyekaa naye jirani msimu mzima alikuwa analia huku ananilisha soseji.

Shida ya besiboli sasa hivi ni tiketi. 2024 watazamaji wa ligi walipita milioni kumi kwa mara ya kwanza, kila mtu anataka. Na hapa niseme jambo ambalo litawaumiza sana kichwa miezi ya mwanzo, karibu kila apu ya Kikorea inataka kuthibitisha wewe ni nani kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, na namba hiyo hupati vizuri mpaka upate kadi ya ukaazi, na jina liandikwe vilevile kila sehemu, nafasi kati ya jina na jina ikikosewa tu mfumo unakukataa. Wenye majina matatu marefu kama sisi tunateseka. Kwa hiyo kadi ikitoka nenda siku hiyohiyo kwenye duka la simu na benki, wahakikishe jina ni lilelile herufi kwa herufi. Kabla ya hapo omba Mkorea akukatie tiketi umlipe, wamezoea, na hiyo nayo ni njia ya kuanza urafiki.

Wavulana nyie mna mteremko, mpira. Kuna apu inaitwa Plab, unalipia nafasi yako kama won elfu kumi, unaenda peke yako, unakuta wenzio, mnagawanywa timu mnacheza masaa mawili. Ukienda uwanja uleule muda uleule sura zinaanza kujirudia.

Safari sasa. KTX tamu ila bei, treni ya Mugunghwa inachelewa lakini Daejeon kwenda Seoul nauli yake haifiki nusu ya KTX, masaa mawili, unasoma, unalala, umefika. Ramani tumia Naver au Kakao, ile ya Google uliyoizoea haikusaidii vizuri kwa kutembea kwa miguu huku. Metro ya Seoul inalala kama saa sita usiku, ukichelewa kuna mabasi ya usiku ya herufi N, au jjimjilbang. Jjimjilbang ni bafu za moto na kumbi za kupumzikia, unalipa hela ya mlo mmoja mzuri, unapewa fulana na kaptula, unalala sakafuni kwenye joto na familia za watu. Baada ya Korona nyingi zimeacha kufungua usiku kucha so hakikisha kabla hujaitegemea. Upande wa mabafu ni uchi, wanawake kwao wanaume kwao, hakuna cha nguo ya kuogelea. Dakika tano za kwanza utatamani kutoroka. Watakuangalia kidogo, kisha bibi mmoja atakuonyesha pa kukaa na maisha yanaendelea.

Julai watu wote watakwambia nenda Boryeong kwenye tamasha la matope, lipo tangu 1998, pwani ya Daecheon. Nenda mara moja, vaa nguo ya kutupa. Mi binafsi naona ni wageni wanakutana na wageni tu, ila raha ipo.

Kuna mtaa wa Itaewon, Seoul. Pale ndo utapata unga wa muhogo, mawese, pilipili za kwetu, wasusi wa rasta, na msikiti mkuu uliofunguliwa 1976 na pembeni yake migahawa ya halali imejaa. Ukikaa miezi bila kusikia Kiswahili nenda, kula, cheka, rudi. Wapo wanaosema usichanganyike na Waafrika wenzio la sivyo hutajua Kikorea, upuuzi, siku unaumwa hao ndo watakuletea uji. Kwenye klabu za usiku, huko na mtaa wa Hongdae, kuna milango utaambiwa mgeni haingii, na Korea mpaka leo haina sheria ya jumla ya kupinga ubaguzi, kwa hiyo usibishane na baunsa, geuza. Na sehemu yenye mbanano wa watu toka mapema, usione aibu. Oktoba 29, 2022 kwenye kichochoro kimoja cha Itaewon watu 159 walipoteza maisha kwa kubanana, wageni wakiwemo.

Pombe situmii na sijawahi kupata shida kubwa. Mimina za wenzio, kwa mikono miwili kama ni mkubwa wako, glasi yako iwe na soda, gongana nao, imba sana kwenye noraebang (vyumba vya karaoke). Anayeimba hasumbuliwi.

Wanaoenda kanisani, Jumapili makanisa mengi hapa baada ya ibada ni chakula cha mchana cha pamoja, bure, kwa mwanafunzi si haba. Lakini kuna watu wawili wawili wanaotafuta waumini wa madhehebu yao, wapole, wazuri, watakufuata stesheni au karibu na chuo, sijui tunafanya utafiti, sijui njoo ujaribu mavazi yetu ya asili, sijui tusome Biblia kwa Kiingereza. Nimewaambia urafiki Korea unakuja polepole. Sasa huyu anayetaka muwe ndugu ndani ya robo saa na hataki uwaambie wenzio, mwambie una treni, ondoka. Namba usimpe.

Chuseok (sikukuu ya mavuno) na Seollal (mwaka mpya wao wa mwezi) ndo wikendi ndefu na ndo ngumu kuliko zote. Tiketi za treni zinaisha wiki nyingi kabla, maduka yanafungwa, mji unabaki mtupu. Msijaribu kusafiri. Sisi tunakusanyana kwa mwenye jiko kubwa, Watanzania, Wakenya, Mrundi mmoja, na Mkorea yeyote ambaye mwaka huo hajaenda kwao, tunapika pilau tangu asubuhi. Walioko Seoul siku hizo makasri ya wafalme yanaingiwa bure, tumieni.

Mwisho viatu. Wanawake, kama unavaa zaidi ya saizi 40 nunua huko huko nyumbani uje navyo, hapa wanapima kwa milimita na wa kike dukani mara nyingi wanaishia 250, kwa hiyo utakuwa unanunua vya kiume. Jozi moja ya mlimani, jozi moja ya baridi. Na wigi au rasta uje umeshaweka, kusuka Itaewon bei yake utatamani kunyoa.