Mtumishi akichoka: majibu ya barua zenu

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa watu wa aina moja: wale wanaolifungua kanisa asubuhi na kulifunga jioni.

Nafundisha kwaya. Mazoezi ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, Ijumaa mkesha, na msiba ukitokea tunaitwa. Siku hizi naimba bila kusikia chochote moyoni. Nimerudi nyuma kiimani?

Sidhani. Mara ya mwisho ulilala saa saba mfululizo lini? Sikutanii. Nabii Eliya alitoka mlima Karmeli, moto umeshuka Israeli wote wakiona, kisha malkia Yezebeli akamtumia ujumbe mmoja tu wa vitisho, naye huyo jangwani, chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Soma 1 Wafalme 19. Malaika hakuja na mahubiri. Alimgusa, akamwambia ainuke ale, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, wala hakukemewa. Malaika alirudi mara ya pili na kusema safari ni kubwa mno kwake. Swali la "unafanya nini hapa, Eliya?" lilimngoja mlima Horebu, mwendo wa siku 40 mbele. Sisi watu wa kanisa tunaanza na swali, tena kwa ukali, na mkate tunausahau.

Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wa mwilini, taabu iliyomsumbua, umtoke, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha" (2 Kor. 12:9). Tumezoea kuusoma mstari huo kama mafuta ya kuongezea gari liendelee kukimbia. Lakini mwiba ulibaki pale pale, na Paulo akajifunza kuishi nao, akibebwa. Kwa hiyo futa mazoezi ya Alhamisi kwa mwezi mmoja. Watanuna, waache wanune. Jumapili moja kaa kwenye benchi na waumini, uimbiwe.

Nikipumzika si nitakuwa mvivu? Paulo alisema amefanya kazi kuliko wote.

Alisema, na hapo hapo akajisahihisha: "wala si mimi, bali ni neema ya Mungu pamoja nami" (1 Kor. 15:10). Halafu, mvivu huwa haulizi swali hilo.

Mimi ni mke wa mchungaji. Hodi hazikatiki mpaka saa tano usiku. Nikisema nimechoka, watasema mama mchungaji hana upendo. Nimwambie nani?

Pole sana, mama. Nilipokuwa mwinjilisti niliwahi kuamshwa usiku kwenda kumwombea mgonjwa. Nilifika na tochi yangu, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikasinzia katikati ya sala. Mgonjwa ndiye aliyemalizia "Amina", akawaambia wanawe wanifunike kanga. Niliona aibu mwaka mzima. Siku hizi nadhani aliyehudumiwa usiku ule nilikuwa mimi.

Mtafute mama mchungaji mwenzako wa usharika mwingine, mbali na masikio ya kwenu, umwambie yote. Na baba mchungaji asome Kutoka 18: Yethro alimkuta mkwewe Musa akiamua kesi za watu tangu asubuhi hata jioni, akamwambia wazi kwamba jambo hilo si jema, agawe kazi. Wazee wa kanisa wapokee simu za usiku kwa zamu. Ila kama usingizi unakukimbia hata usiku usio na hodi, nenda hospitali. Hilo si kukosa imani.

Nina miaka 67, nimetunza hazina ya kanisa miaka 22. Nikiomba kupumzika naambiwa mtumishi hastaafu.

Wasomee Hesabu 8:24–26. Walawi, watumishi wa hema ya ibada, waliingia kazini na miaka 25, na wakifika 50 waliacha, wakabaki kuwasaidia ndugu zao. Wewe, mzee wangu, umewapita kwa miaka 17. Kabidhi vitabu vya risiti mbele ya mashahidi wawili, wasaini. Na ule ufunguo wa akiba wa sanduku la sadaka, ulioko kwenye droo yako "kwa dharura", utoe pia.