Ukiwa na Altezza au Impreza Tanga, chagua tairi kwanza, rimu baadaye

Vijana wengi hunitumia picha ya rimu na swali moja tu: "Kaka, hizi zitakaa?" Nami huwauliza wanaendesha wapi na wanataka kuvaa tairi gani. Rimu tunaipenda kwa macho, na hilo si kosa, gari la sporti lazima lipendeze. Lakini kinachogusa lami ni tairi peke yake. Breki kali, shokapu mpya, injini yenye nguvu, vyote hivyo vinaishia pale.

Mimi natumia Toyota Altezza RS200. Mzunguko wangu mkubwa ni mjini, kisha njia ya Segera ninapokwenda Dar, na nikipata nafasi napanda Lushoto kutokea Mombo. Kila njia ina dai lake. Mjini kuna mashimo na maji yanayosimama msimu wa masika. Njia ya Segera ina matuta na rasta karibu kila penye makazi. Kule Lushoto ni kona juu ya kona, bonde likiwa upande mmoja, na mvua ikianza kunyesha lami inateleza haswa.

Kwa barabara hizi, inchi 17 ndiyo mwisho wangu. Angalia hesabu. Tairi ya 215/45R17 ina ubavu wa milimita 97 hivi, yaani asilimia 45 ya upana wa 215. Ukivaa 225/40R18 unabaki na milimita 90. Ukienda 225/35R19 unashuka hadi 79. Ubavu huo ndio unaokinga rimu na ukingo wa shimo. Jamaa yangu alifunga 19, akaingia shimo usiku upande wa Muheza. Gari likaendelea na safari kama kawaida, ila kila asubuhi tairi moja ilikuwa imepungua upepo. Fundi wa pancha akatafuta msumari, hakuna. Mpaka alipoitoa na kupaka maji ya sabuni upande wa ndani wa rimu ndipo mapovu yakaonekana: ufa mwembamba kama unywele. Rimu ya namna hiyo usikubali ichomelewe urudi nayo barabarani kwa spidi. Itupe.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Altezza ina nati tano kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 114.3. Subaru Impreza nyingi za zamani ni tano kwa milimita 100. Mtu asikuambie "tutalazimisha". Hata nati hazifanani: Toyota inatumia 12 kwa 1.5 (unene na nafasi ya hesi, kwa milimita), Subaru 12 kwa 1.25, na ukizichanganya unaharibu stadi, yaani bolti zinazoshika rimu. Kisha kuna tundu la kati. Hubu, yaani kitovu cha gari ambacho rimu hukaa juu yake, kwa Altezza ni milimita 60.1, ya Impreza 56.1, lakini rimu nyingi za sporti za kununua zimetobolewa 73.1 ili ziingie magari mengi. Pengo hilo huzibwa kwa pete ya kati. Bila pete, rimu inaweza kukaa nje ya kitovu kidogo tu, na ukifika kilomita 90 au 100 kwa saa usukani unatetemeka. Utabalansi hadi uchoke. Pete ni kitu cha bei ndogo, idai siku hiyohiyo unayonunua rimu.

Ofuseti nayo, yaani umbali kati ya uso wa rimu unaokaa kwenye hubu na katikati ya upana wa rimu, usiipuuze. Namba hiyo imeandikwa nyuma ya rimu, kwa mfano +50 au ET35. Inavyopungua, ndivyo rimu inavyotoka nje. Gari likisimama tupu utaona limependeza, limejaa kwenye fenda. Pakia watu wanne, kata usukani hadi mwisho, kisha pita taratibu kwenye tuta. Ikigusa hapo, itagusa kila siku, na itakula ubavu wa tairi. Fanya jaribio hilo kabla ya kumaliza malipo. Spesa, vile vipande vya kuisukuma rimu nje, mimi sizitaki kabisa. Beringi zetu zina kazi ya kutosha.

Rimu za mtumba kutoka Japani nazipenda kuliko mpya za bei chee zisizojulikana zilikotoka. Tafuta alama ya JWL, kiwango cha Japani cha rimu za aloi, halafu omba izungushwe kwenye mashine ya balansi mbele ya macho yako. Rimu iliyopinda hujitangaza yenyewe. Nyanyua pia uone uzito: rimu nyepesi huipa shokapu nafasi ya kufuata barabara, na utaisikia tofauti kwenye rasta. Na kwa sisi wa karibu na bahari, kagua ukingo unapokaa mdomo wa tairi. Chumvi ikishaingia chini ya rangi, aloi huota unga mweupe na upepo huanza kuvuja polepole. Osha rimu kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, hasa kama unalaza gari Raskazone.

Tairi sasa. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi: 3523 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Tairi nyingi za mtumba zinazokuja na magari ya Japani zimeandikwa STUDLESS ubavuni. Hizo ni za theluji. Mpira wake ni laini, na kwenye joto la Tanga zinayumba kwenye kona na kuisha haraka, hata kama kashata, yaani meno ya tairi, bado ni nene. Ziache, hata ukipewa bure. Alama kama 87W inamaanisha tairi inabeba kilo 545 na imepimwa kwa spidi ya kilomita 270 kwa saa. Huna haja ya kufika huko, ila usishuke chini ya kile kilichowekwa na mtengenezaji.

Mwenye Subaru ya kuvuta magurudumu yote avae nne za aina moja zenye uchakavu unaolingana, la sivyo difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ndiyo itakayolipa. Mwenye Altezza, ukinunua mbili tu, mpya ziende nyuma. Kashata ikifika milimita 3 mimi nabadilisha. Kikomo cha 1.6 ni kidogo mno kwa mvua zetu.

Upepo pima asubuhi gari likiwa baridi, kwa kufuata kibandiko cha mlango wa dereva. Usipunguze ukiwa umetoka Segera tairi ni za moto. Na nati zikazwe kwa spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza, Altezza ni 103 Nm, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100 za mwanzo.