Wasomaji Wauliza: Pipa, mlio na mvua ndani ya studio

SWALI: Wandugu, tuko vijana watatu wa Katuba, hapa Lubumbashi. Tunafungua studio yetu bila mdhamini, katika chumba cha matofali cha mita 3 kwa 4, manjanja (mabati) juu. Tumebandika trei za mayai ukutani, lakini jirani bado analalamika, na sauti inatoka kama mtu anaimbia ndani ya pipa. Tununue mikro ya bei zaidi?

JIBU: Msinunue. Mikro nzuri zaidi italinasa pipa lile lile, tena vizuri zaidi. Trei ya mayai ni karatasi: haina uzito wa kuzuia sauti isitoke, inameza kidogo tu zile nyembamba za juu, na inashika moto upesi. Za chini zinabaki zikigonga ukuta. Urefu wa mita 4 unavimbisha sauti nzito ya 43 Hz (mitetemo 43 kwa sekunde), wa mita 3 unavimbisha 57 Hz, kisha mara mbili yake, 86 na 114, ambazo zinaangukia kabisa kwenye sauti ya mwanaume.

Kumeza sauti ni kazi moja, kuizuia ni nyingine. Ya kumeza: pigeni fremu 8 za mbao, sentimita 120 kwa 60, kina 10 au zaidi. Jazeni blanketi na nguo kuukuu za pamba, bila kuzikandamiza. Kitambaa cha kufunika kipimeni kwa mdomo: pumzi ikipita, kinafaa, plastiki na turubai hapana. Fremu 4 zisimame kwenye pembe, kwa mshazari, nafasi ibaki nyuma yake. Zinazobaki ziende nyuma ya mwimbaji na kando yake. Wengi hukosea hapa, wanafunika ukuta ulio nyuma ya mikro, wakati mikro inamtazama mwimbaji na kusikia ukuta ulio mgongoni mwake. Aimbe akiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka mikro, asisimame katikati kabisa ya chumba.

Kwa jirani, dawa ni uzito na kuziba hewa. Ufa wa sentimita moja chini ya mlango unatosha kuharibu kazi yote. Wekeni mpira pande zote nne. Juu fungeni dari la mbao nzito, tabaka mbili. Mvua kubwa ya Januari bado itasikika kwenye manjanja. Siku hizo fanyeni miksi.

SWALI: SNEL, kampuni ya umeme, ikikata tunawasha grupu (jenereta), na rekodi inaingia mlio wa “mmm”. Hata grupu tukiipeleka mbali, mlio unabaki. (Msomaji, Ruashi)

JIBU: Basi hauji kwa hewa, unakuja kwa waya. Chomoeni chaja ya kompyuta, irekodi kwa betri yake. Mlio ukitoweka, shida iko kwenye ardhi ya umeme: vifaa vyote viingie kwenye multiprizi moja, na mguu wa ardhi wa plagi usikatwe kamwe, hata fundi akisema ndiyo njia ya mkato. Unaweza kuua mtu kwenye mikro.

Afadhali grupu ichaji betri mchana, ninyi mrekodi kwa betri. Kompyuta, kadi ya sauti na spika mbili hula kama wati 140. Betri ya volti 12 na ampea-saa 200 ina wati-saa 2400. Ile ya madini ya risasi (plomb) msiishushe kupita nusu, itakufa mapema. Mkitoa kinachopotea kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa SNEL, mnapata karibu saa 7. Inveta iwe ya mawimbi laini. Zile za bei rahisi zinaleta mlio mwingine, mkali kuliko wa kwanza.

SWALI: Ni kweli mpiga gita Mwenda wa Bayeke alirekodiwa bila studio? (Mzee mmoja wa Likasi)

JIBU: Ndiyo, mzee wetu, tena kwenu. Hugh Tracey, aliyezunguka na mashine zake kutoka Afrika Kusini, alimrekodi mwaka 1952 huko Likasi, wakati ule Jadotville. Léopoldville (Kinshasa ya leo) tayari kulikuwa na studio za wafanyabiashara, kama Ngoma ya Mgiriki Nico Jéronimidis, iliyoanza mwaka 1948. Sahani ya mizunguko 78 ilibeba kama dakika 3 kila upande, na kukata na kubandika maneno baadaye hakukuwa rahisi kama leo: mpiga gita akikosea kwenye ubeti wa mwisho, alirudi wa kwanza.