Miezi juu ya ungo

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama sayari za kwenye hadithi, zile zenye majua mawili au matatu angani, zinaweza kuwepo kweli. Zipo. Sayari iitwayo Kepler-16b ilitangazwa mwaka 2011: inazunguka nyota mbili kwa siku 229, na nyota zenyewe zinazungukana kwa siku 41. Linaloniwasha mimi ni jingine. Mkulima wa huko angejuaje lini apande?

Tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa Hombolo kwa bibi mzaa mama. Jua lilipatwa siku ile. Rujewa, kule Mbeya, waliona jua limebaki pete kamili. Sisi Dodoma tulipata kumegwa tu, ila kumegwa kukubwa. Kuelekea saa sita bibi alikuwa chini ya mwarobaini anapepeta uwele, akaniita: "Mjukuu wangu, hebu njoo uone." Ungo ulikuwa umejaa miezi midogo. Kila kitundu kati ya majani kilikuwa kimedondosha jua lake, na kila jua limemegwa upande uleule, kama vipande vya kucha. Vilikuwa juu ya uwele, juu ya mikono yake, juu ya khanga. Akausogeza ungo taratibu. Miezi ikabaki palepale, uwele ukapita chini yake. Akarudia mara tatu, nne, bila kusema neno. Kuku wakaanza kuelekea bandani. Ndipo akasema: "Hili moja limemegwa tu, kuku wamepotea. Yangekuwa mawili, nani angejua saa ya kulima?"

Sikuwa na jibu. Tangu hapo hadithi za majua mawili hunikera, maana waandishi wengi huyatundika kama mapambo. Yanazama pamoja, yanapendeza, halafu shujaa anakula chakula ambacho hatukuona kikipandwa. Hata kivuli hawakikumbuki: kila mti ungekuwa na vivuli viwili, na kila kitundu cha mwarobaini kingedondosha duara mbili. Majua matatu ndiyo balaa zaidi, kwa sababu yakisongamana huvutana ovyo, na sayari iliyo kati yake huishia kugongwa au kutupwa nje. Mwaka 2016 ilitangazwa HD 131399Ab kuwa sayari yenye majua matatu. Mwaka uliofuata ikaonekana si sayari, ni nyota ya mbali iliyokaa nyuma ya majua hayo.

Nilitaka kuishia hapo, kwamba hadithi hizo ni uongo mtupu. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Ukiwa Kepler-16b, nyota ndogo kati ya zile mbili ingepita mbele ya kubwa kila baada ya siku 50 hivi (si 41, maana sayari nayo inasonga), bila kukosa, kama kalenda. Siku 50! Sisi wenye jua moja tunasubiri mvua ya Desemba. Mwaka huu inawahi, mwaka mwingine inakuja Januari, na mbegu tuliyopanda kwenye vumbi imeshaliwa na ndege.

Kwa hiyo bibi, mkulima wa huko angejua, na pengine kuliko sisi. Ila majua yake yakae karibukaribu, na sayari ikae mbali nayo mara kadhaa ya umbali ulio kati yao. Tena Kepler-16b yenyewe ni ya gesi, baridi yake ni zaidi ya nyuzi 70 chini ya sifuri, haina udongo wa kushika jembe. Labda mwezi wake, kama inao. Majua mawili nimekubali. Matatu nitayakubali yakiwa kama ya Proxima b, sayari ya nyota iliyo jirani zaidi na Jua letu, ambako mawili yako mbali mno na yangeonekana kama nyota kali tu usiku. Hayo hayachanganyi kuku.